Tekonsha Prodigy P3: kontrola ya breki za trela, inachokuonyesha na isichokiona

Prodigy P3 ni kifaa kinachofungwa chini ya dashibodi ya pikapu na kupeleka umeme wa breki kwenye trela. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja tu, nayo inahusu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Nitaieleza nikifika huko, maana ndiyo inayowapotezea watu hela kuliko hitilafu nyingine yoyote ya breki za trela.

Pikapu yangu ni ya mwaka 2005. Niko Houston, na kazi yangu ni kuvuta trela la kubebea magari: nachukua gari mnadani Dallas au San Antonio, nalifikisha kwa mteja au bandarini Galveston linakopakiwa melini. Trela lina ekseli mbili, na likiwa na gari juu yake linakaribia paundi 7,000, kama kilo 3,200. Sheria ya Texas inataka breki kwenye trela linalozidi paundi 4,500 pamoja na mzigo wake. Hata pasingekuwa na sheria, ukishuka daraja la I-45 la kuingilia Galveston, mvua inapiga, na mzigo wa namna hiyo unakusukuma kutoka nyuma, huwezi kutegemea breki za pikapu peke yake.

Wenzangu wengi wanaozungumza Kiswahili hapa, Watanzania, Wakenya na hasa Wakongo, wameingia kwenye kazi hii kwa njia ileile. Unanunua pikapu iliyotumika, unanunua trela lililotumika, unaunganisha, unaanza kazi. Breki zikigoma, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "badilisha kontrola." Mimi nasema kontrola iwe kitu cha mwisho kubadilishwa. Nimeshaingia chini ya matrela ya watu wengi, na ugonjwa karibu kila mara nimeukuta kwenye waya, kwenye plagi au kwenye ethi. Ukiweka kontrola mpya juu ya waya mbovu, unakuwa na kontrola mpya na breki zilezile mbovu. Thamani ya P3 kwangu ni kwamba inakusaidia kuutafuta ugonjwa wenyewe.

Kwanza tuelewane zinavyofanya kazi, la sivyo vipimo havitakuwa na maana. Breki hizi hazitumii mafuta. Ndani ya kila dramu ya trela kuna sumaku inayowashwa kwa umeme. Umeme ukifika, sumaku inajibana kwenye uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa kidogo, na mkono ulioishikilia unasukuma viatu vya breki. Volti zikipanda, breki inabana zaidi. Kontrola za aina rahisi hupeleka kiasi kilekile ulichokipanga kila ukigusa pedali, uwe unasogea taratibu kwenye taa nyekundu au umekanyaga kwa sababu mtu kakukatia njia. P3 ina kihisi kinachopima gari linavyopunguza mwendo, nayo inatoa umeme kwa kadiri hiyo. Ukikanyaga kidogo, trela linashika kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu, nalo linashika kwa nguvu. Tofauti hiyo unaihisi ukiwa kwenye kiti tangu kona ya kwanza: trela halikuvuti kwa kushtukiza wala halikusukumi.

Inamudu trela la ekseli moja hadi nne, inahifadhi mipangilio ya matrela matano tofauti, na ina ngazi tatu za kuongeza nguvu ya mwanzo kwa trela lililo zito kuliko gari linalolivuta. Yote hayo ni mazuri, lakini mimi nilichoipendea ni skrini. Inaandika kwa maneno kamili kwamba trela limeunganishwa, halijaunganishwa, au kuna shoti, na unaweza kuchagua Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Jirani yangu mzaliwa wa Lubumbashi ya kwake kaiweka Kifaransa. Siku ilipomwandikia kuna shoti alinisomea kwenye simu neno kwa neno, akiwa bado barabarani, na nikajua nibebe vifaa gani.

Nyuma ya kontrola zinatoka nyaya nne. Mweusi unatoka kwenye chanya ya betri kupitia breka, swichi inayokata umeme ukizidi: ampea 20 kwa trela la ekseli moja au mbili, 30 kwa ekseli tatu au nne. Mweupe ni hasi, na uende mpaka kwenye betri au kwenye ethi safi kabisa. Mwekundu unasoma swichi ya taa za breki. Wa bluu ndio unaobeba umeme wa breki kwenda nyuma. Ukizijua hizi nne, hitilafu nyingi unaweza kuzikisia hata kabla hujashuka garini.

Chukua mfano huu. Kidhibiti cha mkono, kile cha kwenye kontrola yenyewe, kinabana breki za trela vizuri, lakini ukikanyaga pedali hakuna kitu. Hapo usihangaike na trela. Waya wa bluu ni mzima na sumaku zinapata umeme. Tatizo liko kwenye mwekundu: fyuzi ya taa za breki, swichi iliyo juu ya pedali, au mahali fundi alipouungia. Skrini nayo ikiwa giza hata ukibonyeza vitufe, anza na mweusi na mweupe. P3 ina menyu ya kuchunguza matatizo inayoonyesha volti za betri zinazoifikia, volti za waya wa taa za breki, na kinachotoka kwenda kwenye trela. Menyu hiyo peke yake imenipunguzia kazi ya kujikunja chini ya usukani na taa mdomoni.

Upande wa pikapu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hawaambiwi. Pikapu za Marekani zilizotoka na vifaa vya kuvutia kwa kawaida zina plagi ya kontrola tayari chini ya dashibodi. Lakini katika baadhi ya zile za miaka ya karibu na 2005, kama yangu, waya unaoleta umeme wa kontrola uliachwa kiwandani umefungwa tepu karibu na sanduku la fyuzi chini ya boneti, bila kufungwa kwenye nati yake. Mwenye gari ndiye anayetakiwa kuufunga. Gari linaweza kupita kwa wamiliki kadhaa bila mtu kuugusa, na kila mmoja akaamini kwamba wayaringi imekufa. Fungua boneti, tafuta waya mnene wenye jicho la shaba uliojificha pembeni ya sanduku hilo, kisha soma kitabu cha gari kinasema uende kwenye nati ipi. Spana moja inatosha.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji mita. Trela lenye breki za umeme linapaswa kuwa na betri yake ndogo na swichi yenye pini na kamba. Trela likichomoka njiani, kamba inavuta pini na betri hiyo inabana breki zote. Kanuni za serikali kuu kwa magari ya biashara zinataka breki hizo ziendelee kubana kwa dakika 15 angalau. Sasa, chomoa kwanza plagi ya trela kutoka kwenye pikapu, kwa sababu umeme wa betri ile ukirudi kinyumenyume unaweza kuiua kontrola. Inua trela kwa jeki, liwekee stendi na vigingi vya tairi, vuta pini, halafu jaribu kuzungusha kila tairi kwa mkono. Yote manne yakikataa, sumaku na nyaya za ndani ya trela ni nzima, na unachokitafuta kiko kwenye pikapu, kwenye plagi au kwenye kebo inayoziunganisha. Likizunguka moja, umeshajua uende kwenye gurudumu gani. Yakizunguka yote, pima betri ile ndogo kwanza kabla hujalaumu kitu kingine, maana nyingi nimezikuta zimekufa bila mwenyewe kujua. Betri hiyo ikifa, siku trela litakapochomoka litakwenda linakotaka, na kuna watu barabarani.

Baada ya hapo ndipo mita inapokuja. Sumaku za breki za inchi 10 na 12 huwa na ukinzani wa omu 3.2 hivi kila moja. Kwa volti 12, sumaku moja inakula karibu ampea 3.75, kwa hiyo nne zinakula 15. Unaweza kupima omu kwenye plagi kati ya bluu na mweupe, ambapo sumaku nne zitakupa kama 0.8, lakini mita za bei nafuu zinadanganya sana chini ya omu moja. Mimi naamini ampea. Nunua mita ya kubana inayosoma umeme wa DC, ibane kwenye waya wa bluu peke yake, weka nguvu ya breki juu kabisa na mwambie msaidizi asukume kidhibiti cha mkono hadi mwisho. Ukisoma karibu na 15, sumaku zote ziko kazini. Ukisoma 11, moja imekatika. Ukisoma 7 na nusu, mbili hazipo, na mara nyingi zitakuwa za ekseli moja. Lazima kidhibiti kisukumwe hadi mwisho, kwa sababu P3 inatoa umeme kwa mapigo ya harakaharaka, na nguvu isipofika kamili mita ya kawaida itayumba na kukuchanganya.

Nirudi kwa jirani yangu wa Lubumbashi, maana shoti yake ni ya aina inayowatesa watu wengi. Ilitokea akipita kwenye mashimo tu. Akisimama, skrini inasema trela limeunganishwa, kila kitu shwari. Alikuwa ameshauriwa anunue kontrola nyingine, na hela alikuwa ameshaitenga.

"Kaka, hii machine imekufa," aliniambia.

Nikamwomba asiilipie kwanza. Tukaliinua trela, mimi nikawa natikisa nyaya, yeye anasoma skrini huku amebana kidhibiti. Nilipotenganisha waya unaoingia ekseli ya nyuma, ujumbe wa shoti ukakoma na haukurudi hata nilipotikisa zilizobaki. Katika matrela mengi, waya wa kwenda gurudumu la upande wa pili hupitishwa ndani ya bomba la ekseli. Unaingia kwenye tundu la chuma, mara nyingi bila mpira wa kuukinga, na kila trela linaporuka, waya unasugua ukingo wa tundu hilo. Miaka inapita, ganda linaliwa, shaba ya bluu inagusa chuma. Kwa nje huoni chochote. Tulipouvuta, ganda lilikuwa limekwisha pande mbili. Hatukurudisha waya ndani ya bomba. Tulipitisha mpya, wa nambari 12, mgongoni mwa ekseli ndani ya bomba la plastiki, tukaufunga kila baada ya shubiri. Nawashauri wote wenye matrela ya zamani wafanye hivyo hata kabla shoti haijaanza. Ni kazi ya mchana mmoja, na vifaa vyake havifikii hata robo ya bei ya kontrola.

Sasa ile nyota.

Kuna trela la rafiki yangu mwingine lililokuwa likimsukuma kila alipofunga breki. P3 yake ilisema trela limeunganishwa. Namba kwenye skrini zilipanda vizuri akikanyaga. Hakuna shoti, hakuna onyo lolote. Ameongeza nguvu ya breki mpaka juu, bado trela linasukuma. Mtu yeyote angeapa kwamba viatu vya breki vimekwisha.

Tulipima kati ya bluu na mweupe kwenye kontrola, tukapata volti 12 na kidogo. Tukapima kwenye sumaku ya gurudumu la nyuma, tukapata 7. Volti tano zimepotea njiani. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kubadilisha waya wa bluu, lakini umeme una safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nikachukua waya mrefu, ncha moja nikaweka kwenye hasi ya betri ya pikapu, nyingine nikaunganisha na mita, kisha nikagusa waya mweupe wa sumaku huku breki zimebanwa. Kipimo hicho kinapaswa kubaki chini ya nusu volti. Kilisoma volti 4.

Kisa chote kilikuwa skrubu moja. Waya mweupe wa plagi ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha mbele cha trela juu ya rangi, na chini ya rangi kulikuwa na kutu. Umeme mwingi ulikuwa unarudi kupitia boli ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya pikapu linaloshikilia trela, ambalo limepakwa grisi ili lisilie. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukaweka jicho jipya, nati na boliti badala ya skrubu, tukapaka grisi ya kuzuia kutu juu yake. Breki zikashika siku hiyohiyo, mpaka akalazimika kushusha nguvu aliyokuwa ameiweka.

P3 haikuweza kuliona hilo, na sielewi kontrola ya aina hii ingelionaje. Inaona kuna mzigo upande wa pili, inaona umeme unapita, inasema sawa. Haijui umeme huo unaishia kwenye sumaku au kwenye kutu. Kwa hiyo skrini ikikuambia kuna tatizo, iamini. Ikikuambia hakuna tatizo na mguu wako unasema lipo, uamini mguu. Dalili za nje unaweza kuzitafuta usiku: mwambie mtu akanyage breki na kuwasha indiketa huku wewe umesimama nyuma. Taa za trela zikififia au zikianza kuwaka zisizotakiwa kuwaka, nenda kwenye ethi moja kwa moja.

Hewa ya huku nayo haisamehi. Houston ina unyevu mwaka mzima, na Galveston ina chumvi. Zile klipu za plastiki zinazotoboa waya bila kuumenya, ambazo mafundi wengi wa harakaharaka wanazipenda, zinaingiza maji mpaka kwenye shaba, na ndani ya muda mfupi utakuta unga wa kijani. Nikiikuta klipu ya namna hiyo kwenye waya wa breki, naikata bila kuuliza inafanya kazi au haifanyi. Tumia maungio ya kubana yenye mpira wa gundi unaonywea kwa moto. Plagi ya pini saba nayo ifungue, angalia skrubu za ndani kama zimelegea, safisha meno, paka grisi ya umeme, na hakikisha kebo haiburuzi lami unapokata kona.

Kuipanga ni rahisi. Iwe imekaa sawa kushoto na kulia, ikitazama uelekeo wa gari. Tafuta barabara kavu, tambarare, isiyo na magari, nenda maili 25 kwa saa, sukuma kidhibiti cha mkono, ongeza nguvu hadi karibu na tairi kukwama, kisha rudisha kidogo. Rudia trela likiwa na mzigo, kwa sababu mpangilio wa trela tupu haufai kwa trela lililobeba.

Nililipa chini ya dola 200, na sijajuta hata senti. Mwenye pikapu mpya iliyotoka na kontrola yake kiwandani haihitaji hii. Anayeazima magari ya kuvutia, leo hili kesho lile, atafaidika zaidi na kontrola ya CURT Echo, inayochomekwa kwenye soketi ya nyuma na kuongozwa kwa simu, ingawa mimi mwenyewe napendelea kidhibiti ninachoweza kukifikia kwa mkono bila kutafuta simu. Kwa wengine wote wenye pikapu za zamani, P3 pamoja na mita ya kubana ndiyo manunuzi ninayoyapendekeza, na kama hela haitoshi vyote viwili na kontrola uliyonayo bado inawaka, anza na mita.

Kebo ya kuiunganisha na gari lako haimo kwenye boksi. Inauzwa kando kulingana na aina ya gari, modeli na mwaka. Kabla hujailipia, piga magoti uchungulie chini ya dashibodi uone kama plagi ya kiwandani bado ipo, kwa sababu kuna pikapu nyingi ambazo mwenye gari wa zamani aliikata na kuunga waya kwa mkono. Ukikuta imekatwa, utahitaji kuziunga zile nne mwenyewe, na wa bluu upime kwa mita kwamba unafika kwenye soketi ya nyuma kabla hujarudisha mifuniko.